Ukuta wa Gereza Hauzuii Kikohozi

Ndugu msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Arusha na kushika barabara iendayo Monduli na Makuyuni, ukauacha Mlima Meru nyuma yako upande wa kulia, hukawii kufika Kisongo. Hapo ndipo lilipo Gereza Kuu la Arusha. Wengi wetu hupita hapo kila mtu na hamsini zake: huyu anawahi sokoni, yule anakwenda kiwanja cha ndege, mwingine anarudi shambani. Ni wachache wanaojiuliza: mtu akiugua mle ndani usiku wa manane, humwita nani? Na akiisha kuanzishiwa dawa, nani huhakikisha kwamba dawa hizo hazikatiki siku anapofunguliwa mlango na kuambiwa aende zake?

Maswali hayo si ya askari magereza na waganga peke yao. Ni ya baba na mama wa Ngarenaro, Sanawari, Unga Limited na Usa River. Ni ya kila nyumba ambayo ina kijana, mjomba au jirani. Maana afya ya aliye gerezani na afya ya aliye mtaani ni kitu kimoja, ingawa kati yao pamejengwa ukuta.

Wanaoingia na wanaotoka

Liko wazo lililozoeleka kwamba watu wa gerezani ni kundi la peke yake, lililotengwa na kusahauliwa. Wazo hilo si la kweli. Kwa miaka mingi mahabusu, yaani watu ambao kesi zao bado hazijaamuliwa, wamekuwa karibu nusu ya watu wote waliomo katika magereza yetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kutenda kosa. Ibara hiyo hiyo inataka heshima ya binadamu ilindwe, hata wakati wa kutekeleza adhabu. Basi, aliye mahabusu leo, kesho huenda akaachiwa na mahakama, akapanda daladala pamoja nawe, akaketi kiti cha jirani yako.

Hata wafungwa waliokwisha kuhukumiwa, walio wengi hutoka. Wengine hutoka kwa kumaliza kifungo, wengine kwa parole chini ya sheria ya mwaka 1994, wengine kwa msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba, 2019, siku ya Uhuru, Rais John Pombe Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Fikiri, ndugu msomaji, ni vijiji na mitaa mingapi iliyopokea watu hao.

Isitoshe, gereza halina wafungwa tu. Lina askari wanaoingia zamu asubuhi na kurudi jioni kwa wake, waume na watoto wao. Lina wageni wanaokuja kuwaona jamaa zao. Lina karandinga linalopeleka mahabusu mahakamani mjini na kuwarudisha. Hewa ya gereza, kwa hakika, huvutwa na mji mzima.

Ugonjwa upendao msongamano

Magonjwa yanayowasumbua watu walio kifungoni ni mengi. Upo upele, ambao huenea upesi watu wanapolala wamebanana na mablanketi hayatoshi. Yapo malaria na kuhara. Yapo magonjwa ambayo mtu huingia nayo kutoka uraiani, kama kisukari, shinikizo la damu na kifafa, na ambayo hayataki dawa ikosekane hata siku moja. Yapo pia maradhi ya akili, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ukaidi, na mgonjwa akaadhibiwa badala ya kutibiwa. Kwa wale ambao mahakama imeona kwamba walitenda kosa wakiwa na ugonjwa wa akili, nchi yetu ina taasisi ya Isanga, chini ya Hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Lakini yuko mgonjwa wa akili ambaye ugonjwa wake haujatambuliwa na mtu yeyote, naye amelala katika bweni moja na wenzake.

Hata hivyo, ugonjwa unaotufundisha zaidi kuliko mengine yote ni kifua kikuu. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akiimba, vijidudu hutoka na kuelea. Katika nyumba yenye madirisha makubwa yaliyo wazi hewa huvipeperusha. Katika chumba kilichojaa watu na chenye upenyo mdogo, hubaki na kuvutwa na wengine. Nani asiyejua baridi ya Arusha ya mwezi wa Juni na wa Julai, ukungu uliposhuka kutoka mlimani? Ni nani atakayeacha dirisha wazi wakati anaolala nao wanatetemeka? Hivyo baridi huwafanya watu wazibe kila tundu, na kikohozi cha mmoja kikawa cha wote.

Mtu ambaye chakula chake ni haba, au ambaye ana virusi vya UKIMWI na hatumii dawa, ndiye hushindwa upesi zaidi. Ndiyo sababu katika nchi nyingi duniani kifua kikuu huonekana magerezani kwa wingi kupita uraiani. Ugonjwa huu haujali nani ana hatia na nani hana. Hufuata msongamano.

Dawa ya miezi sita, kifungo cha miezi mitatu

Jambo la kujivunia ni kwamba Tanzania si mwanafunzi katika vita dhidi ya kifua kikuu, bali ni mwalimu. Mwaka 1977 Serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa mtaalamu aliyeitwa Karel Styblo. Mafunzo yaliyopatikana hapa nchini yalikuwa ya wazi: mgonjwa apimwe makohozi, apewe dawa madhubuti, amezapo dawa awepo mtu wa kumshuhudia, na jina lake liandikwe kwenye daftari mpaka apone. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo ulimwenguni kote.

Siku hizi kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa hutumia dawa za aina nne, na miezi minne inayofuata dawa za aina mbili. Baada ya wiki chache tu hujisikia nafuu: kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, jasho la usiku hukoma. Hapo ndipo penye hatari. Anayeacha dawa kwa kudhani amepona huviachia uhai vijidudu vilivyo sugu, na vikiisha kuzaliana, dawa za kawaida havizijali tena.

Sasa tufanye hesabu rahisi. Mtu amehukumiwa kifungo cha miezi mitatu. Katika mwezi wa kwanza akapimwa, akaonekana ana kifua kikuu, akaanzishiwa dawa na tabibu wa gereza. Miezi yake mitatu ikaisha. Akapewa nguo zake, akaaga, akatoka. Bado ana miezi minne ya matibabu, lakini kadi yake imebaki kwenye kabati la zahanati ya gereza. Anakoishi labda ni Ngaramtoni, labda ni Mto wa Mbu, labda ni mkoa mwingine kabisa. Hakuna aliyempa barua ya kwenda nayo kliniki, wala hakuna kliniki inayojua kwamba anakuja. Anaona haya kusema alikotoka. Baada ya mwezi mmoja kikohozi kinarudi, safari hii akiwa amelala chumba kimoja na wanawe.

Je, huyo amepuuza dawa? La. Tiba yake imekatwa na mlango wa gereza. Mambo hayo hayo huweza kumpata mahabusu anayehamishwa gereza, au anayeachiwa na hakimu saa sita mchana na kwenda moja kwa moja nyumbani bila kupita tena Kisongo. Na upo mlango wa tatu unaosahauliwa, nao ni ule wa kuingilia: mtu aliyekuwa akitumia dawa nyumbani, anakamatwa akiwa na shati alilovaa tu, dawa zimebaki chini ya mto.

Gharama ya uzembe huo ni kubwa kuliko ya uangalifu. Upande wa pili wa mlima, huko Siha mkoani Kilimanjaro, iko Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo imekuwa ikiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Kwa miaka mingi tiba ya ugonjwa huo sugu ilichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu, pamoja na sindano za kila siku zilizoweza kumwondolea mgonjwa usikivu wa masikio. Siku hizi dawa zimekuwa bora na muda umefupishwa, lakini bado ni mzigo mzito kwa mgonjwa na kwa taifa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa wetu ni ile barua ya rufaa ambayo haikuandikwa.

Azimio jingine la Arusha

Kila Mtanzania analijua Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ni wachache wanaojua kwamba mji huu ulitoa azimio jingine, miaka 32 baadaye, lililohusu magereza. Mwezi wa Februari, 1999, wakuu wa magereza wa nchi za Mashariki, Kusini na Kati ya Afrika walikutana hapa Arusha. Walipomaliza mkutano wao, tarehe 27, walitoa Azimio la Arusha juu ya Uendeshaji Bora wa Magereza. Waliahidi kuendesha magereza kwa kufuata kanuni za kimataifa, kulinda haki na heshima ya wafungwa, kuwapa askari mafunzo, na kuvikaribisha vyama vya wananchi vishirikiane na magereza. Mwaka huo huo Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa liliambatisha azimio hilo kwenye uamuzi wake kuhusu marekebisho ya magereza. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Waafrika walikuwa wamekutana Kampala na kutoa tamko kuhusu hali ya magereza barani kwetu.

Kanuni zilizotajwa ni zipi? Za kwanza zilikubaliwa Geneva mwaka 1955. Mwezi wa Desemba, 2015, Umoja wa Mataifa ulizifanyia marekebisho na kuzipa jina la Nelson Mandela. Kanuni ya 24 inasema kwamba tiba ya wafungwa ni wajibu wa dola. Kwamba kiwango chake kiwe sawa na kile wanachopata wananchi wengine, bila malipo na bila ubaguzi. Na kwamba huduma hiyo ifungamane na idara za afya ya umma, ili tiba isikatike, hasa ya UKIMWI na kifua kikuu. Kanuni ya 27 inaweka wazi kwamba uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na askari asiye mganga hana ruhusa ya kuupuuza wala kuutangua. Kanuni ya 30 inataka kila aingiaye gerezani aonwe na mganga au mtaalamu mwingine wa afya mapema iwezekanavyo.

Kina mama nao hawakusahauliwa. Kanuni zinakataza mwanamke kufungwa pingu akiwa katika uchungu wa uzazi, wakati wa kujifungua na mara baada ya kujifungua. Mtoto anayeishi gerezani na mama yake hatakiwi kamwe kutendewa kama mfungwa, naye apimwe afya anapoingia na afuatiliwe na wataalamu wa watoto. Mtoto huyo anastahili chanjo zake na kadi yake ya kliniki kama mtoto mwingine yeyote wa Arusha.

Kwa nini tumtibu mkosaji?

Najua, ndugu msomaji, kwamba wako watakaouliza: mbona mwananchi mwema anapanga foleni tangu alfajiri katika Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, nasi tunahangaika na mwizi? Swali hilo lina uzito, wala si vizuri kulidharau.

Swali kama hilo limewahi kuulizwa hapa hapa kwetu, tena kwa uchungu mkubwa. Mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ilifanya kazi Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Washtakiwa waliwekwa katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa iliyojengwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, na huko walikuwa na huduma ya mganga. Ilipojulikana kwamba washtakiwa wenye virusi vya UKIMWI wanapata dawa, huku wanawake wa Rwanda walioambukizwa kwa kunajisiwa wakati wa mauaji hawazipati, watu wengi walighadhibika. Nani angewalaumu?

Lakini tazama dhuluma ilikuwa wapi. Dhuluma ilikuwa katika kuwanyima dawa wale wanawake. Kumnyima mshtakiwa kusingemponya hata mmoja wao. Tangu mwaka 2004 Tanzania imekuwa ikitoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hilo ndilo jawabu lenye haki: kupanua huduma hadi imfikie kila mtu. Mahakama humpa mkosaji adhabu ya kupoteza uhuru wake. Hakuna hakimu aliyewahi kumhukumu mtu kifungo cha miaka miwili pamoja na kifua kikuu.

Tena nani ajuaye mgonjwa wa leo atakuwa nani kesho? Mwaka 1988, katika gereza la Pollsmoor huko Afrika Kusini, mfungwa mmoja mwenye umri wa miaka 70 alianza kukohoa na kudhoofika. Alipelekwa hospitali, maji yakatolewa kifuani mwake, akaonekana ana kifua kikuu, akatibiwa akapona. Mfungwa huyo alikuwa Nelson Mandela. Alifunguliwa mwezi wa Februari, 1990. Baada ya Mwalimu Nyerere kufariki dunia mwaka 1999, Mandela ndiye aliyeshika kazi ya kuwapatanisha Warundi, na mkataba wao wa amani ulitiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 28 Agosti, 2000. Kama kikohozi kile kingepuuzwa, tungempata wapi msuluhishi yule?

Yapasayo kufanywa

Baadhi ya mambo yanahitaji fedha nyingi, kama vile kujenga mabweni yenye hewa na kununua magari ya wagonjwa. Lakini yako mengi yanayohitaji utaratibu tu.

La kwanza, kila aingiaye aulizwe maswali machache kabla hajapelekwa bwenini: je, unakohoa kwa wiki mbili au zaidi? Umepungua uzito? Unatoka jasho usiku? Unatumia dawa gani? Anayekohoa apimwe na atengwe kwa muda, si kwa adhabu bali kwa kinga.

La pili, zahanati ya gereza isiwe kisiwa. Magereza yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na hospitali za umma zina mamlaka nyingine. Norway ilihamishia tiba ya wafungwa kwenye idara za kawaida za afya mwaka 1988, na Ufaransa ikafanya hivyo mwaka 1994. Nasi, hata bila ya kuhamisha mamlaka, tunaweza kuhakikisha kwamba wakaguzi wa afya wa mkoa na wilaya wanaihesabu zahanati ya gereza kama zahanati nyingine yoyote, kwa dawa, kwa vipimo na kwa takwimu.

La tatu, safari ya mgonjwa kutoka bwenini hadi Mount Meru isikwame. Lazima mwenzake aite, askari asikie, mlango ufunguliwe, tabibu aamue, askari wa kumsindikiza apatikane, na gari liwe na mafuta. Kiungo kimoja kikikatika, mtu hufa. Mkuu wa gereza mwenye orodha ya zamu kwa ajili ya dharura za usiku ameokoa maisha ya watu bila kuomba shilingi moja.

La nne, kila atokaye na barua yake: jina la dawa, tarehe aliyoanza, siku zilizobaki, na kliniki anayokwenda. Apewe pia dawa za kumtosha hadi afike huko.

La tano, msongamano upungue. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mwenye kosa dogo kutumikia adhabu kwa kufanya kazi za umma akilala kwake. Dhamana itolewayo kwa haki nayo ni kinga, kama ilivyo chanjo.

Wajibu wa jamaa

Nawe uliye nyumbani una sehemu yako. Ndugu yako akikamatwa, unakimbilia dhamana na wakili. Kumbuka na dawa zake. Peleka kadi ya kliniki kituoni au gerezani, umkabidhi askari wa zamu, uombe imfikie tabibu. Usifiche vidonge ndani ya chakula. Utamtia matatani, na tabibu hatajua mgonjwa wake anameza nini. Ukimwona mahakamani amedhoofika, mwambie wakili wake, au yeye mwenyewe amweleze hakimu mbele ya baraza.

Atakaporudi, msindikize kliniki katika wiki ile ile. Kuwa wewe ndiye shahidi wa kumeza kwake dawa. Wapeleke watoto wadogo wa nyumba hiyo wakapimwe. Fungua madirisha. Wala usimtengee sahani na kikombe, kwa maana kifua kikuu hakiambukizi kwa vyombo, na mgonjwa anayetumia dawa sawasawa kwa kawaida huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache. Aonapo anatengwa atajificha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Wakuu wa magereza waliahidi pale Arusha mwaka 1999 kuvikaribisha vyama vya wananchi. Basi misikiti, makanisa, vyama vya wafanyakazi na jumuiya za akina mama zisingoje kualikwa mara ya pili. Sabuni, blanketi na vitambaa vya kujifunika mdomo ni sadaka nzuri. Lakini sadaka iliyo bora kuliko zote ni kumngojea langoni yule anayetoka, mkononi mwake mkiwa na barua ya kliniki, na kumwuliza: "Ndugu, tuanzie wapi, nyumbani au zahanati?"